Anayeshika Kipaza Sauti Naye Alipwe

Huku kwetu Genkuru, Tarime, kwenye sendofu mpishi analipwa, mpambaji analipwa, lakini dada aliyechangamsha ukumbi masaa manne anaambiwa, "Allah atakulipa." Atamlipa, inshaallah, ila bodaboda anataka nauli usiku huo huo. Mawaidha ya kumfunda bi harusi tuyaache, hayo ni sadaka. Ushereheshaji ni kazi, bei itajwe mapema. Wala usingoje cheti. Bibi Titi Mohamed alisoma mpaka darasa la nne, akaimba ngoma ya Bomba Dar es Salaam, na mwaka 1955 akawaongoza wanawake wa TANU, akihutubia mikutano. Bi harusi, ukiandika bajeti, muweke jirani na keki.