Flashi Haijafa, Waya Ndio Kimeo!

Mimi niko fiti, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vina malengelenge, na leo nakusimulia nimeyapata wapi. Kama wewe ni mtu wa gemu, vuta kiti. Kama si mtu wa gemu lakini una mdogo wako anayeshinda kwenye banda la gemu, vuta kiti vilevile, maana ipo siku atakuletea kasheshe hii hadi sebuleni.

Wikiendi iliyopita nilikuwa Msimbati, pale Ghuba ya Mnazi. Kwa wasiojua kusini: ukitoka Mtwara mjini unapita Madimba, kwenye mtambo wa kusafishia gesi, unasonga mbele mpaka unapokewa na mchanga na minazi. Tangu mwaka 2000 bahari ile yote, hadi maingilio ya Mto Ruvuma, ni hifadhi. Nilikwenda kula pweza na kupunga upepo, basi. Lakini mtu akishakuwa mjomba wa mtu, likizo hana.

Nimeketi tu, hata ming'oko niliyoletewa sijaimaliza, mpwa wangu huyu hapa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sura kama umefiwa?"

"Mashine imekufa, mjomba. Fundi kasema flashi imeungua, ninunue bodi nyingine."

Hapo nikaweka ming'oko chini. Mashine yenyewe ni Xbox 360, ya lile toleo nene. Ndiyo mtaji wa banda lake. Mama yake, dada yangu wa damu, aliinunua kwa hela ya korosho za msimu mzima. Vijana wanakuja pale jioni na mia tatu tatu zao, na dogo kutokana na mia tatu hizo analipa ada ya mdogo wake. Kwa hiyo ukiambiwa "nunua bodi nyingine", unaambiwa rudi shambani ukasubiri mikorosho itoe maua upya. Si mchezo!

KWA NINI ALIIFUNGUA?

Chanzo ni mchanga. Banda lipo karibu na ufuko, upepo unaleta mchanga na chumvi, na jicho la kusomea diski likachoka. Dogo ana diski zake halali, hazisomeki. Akasikia kuna mbinu ya kuifanya mashine isome gemu kutoka kwenye hadi diski. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 2011 na jamaa anayejiita GliGli. Unaweka kichipu kidogo kinachoichanganya prosesa kwa nukta ndogo mno wakati inawaka, nayo inapitisha programu ambayo kwa kawaida ingeikataa. Kabla ya yote hayo, lazima usome kumbukumbu ya ndani ya mashine, yaani flashi, kisha uandike nyingine juu yake.

Sasa usije ukasema safu hii imekutuma uibe gemu za watu. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999, na mashine ya namna hii ukiiingiza kwenye mtandao wa wenyewe inapigwa marufuku mara moja. Lakini Microsoft waliacha kutengeneza mashine hizi mwaka 2016, na duka lake la mtandaoni wakalifunga Julai 2024. Kwa huku kwetu, ikiharibika ni wewe, fundi wako na Mungu.

FLASHI NI KITU GANI?

Ni kipande kidogo cheusi kwenye bodi, kinachokumbuka mambo hata umeme ukizimwa. Aliyekibuni ni Mjapani Fujio Masuoka, akiwa Toshiba, miaka ya 1980. Jina la flashi lilitokana na kamera: data zake zinafutika kwa mkupuo, kama mwanga wa kupigia picha.

Kwenye mashine ya dogo flashi hiyo ni ya MB 16. Ndogo, eeh? Picha chache za simu yako zinaijaza. Lakini humo ndimo zimo funguo za mashine ile moja tu. Hata kiendeshi cha diski kina ufunguo wake humo. Ukichukua flashi ya mashine ya jirani ukaibandika kwako, mashine haikutambui. Ni kama kuvaa kitambulisho cha mtu mwingine shingoni ukatarajia mama yake akuite mwanangu.

Najua hayo kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2012, ujana unachemka, mshikaji wangu aliniachia mashine yake. Nikasoma flashi mara moja, sikulinganisha, nikaandika. Kumbe nilichosoma kilikuwa na makosa kibao, na nakala nyingine sina. Mashine haikuwaka tena mpaka leo. Nilimlipa mshikaji kidogo kidogo miezi saba, na mpaka sasa akiniona na pasi ya kuchomelea anacheka.

Kwa hiyo nilipomwona dogo ameshapakua flashi ya mtu kutoka kwenye intaneti, tayari kuiandika, nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "ACHA! Usiandike kitu ambacho hujakisoma!"

TUKAANZA UPYA

Usomaji wenyewe unakwenda hivi. Unachomelea nyaya nyembamba saba kwenye bodi, unaziunganisha na kifaa kidogo cha kusomea, nacho kinaingia kwenye kompyuta kwa USB. Enzi zile tulitumia waya wa tundu la printa, na kusoma MB 16 ilikuwa nusu saa na ushee. Siku hizi ni dakika chache tu, na hata kibodi cha Raspberry Pi Pico, kilichotoka 2021 kwa dola nne, kinafanya kazi hiyo. Dogo alikuwa nacho hicho.

Kasheshe ya kwanza: kompyuta haikioni kifaa kabisa. Dogo akataka kulia. Nikamuuliza waya wa USB kautoa wapi. "Wa chaji ya simu, mjomba." Basi bwana, nyaya nyingine za chaji zinapitisha umeme tu, data hazipitishi! Tukaazima mwingine kwa jirani. Kompyuta ikakiona. Hapo fundi alikuwa ameshasema bodi imekufa.

Kasheshe ya pili: programu inasoma utambulisho wa flashi inapata sifuri tupu, 0x00000000. Huo ndio ugonjwa unaowatoa watu jasho. Sifuri tupu maana yake hakuna maongezi. Kifaa kinaita, flashi haiitiki. Jambo la kwanza la kuangalia ni adapta: mashine iwe imechomekwa kwenye umeme lakini ISIWASHWE, taa ya adapta ibaki rangi ya chungwa. Watu wengi wanaiacha bila umeme wakidhani kifaa ndicho kinachoilisha flashi. Hakilishi! Kwetu taa ilikuwa ya chungwa, kwa hiyo si hilo.

Tukachomoa adapta (usiguse bodi kwa pasi ikiwa na umeme, tafadhali), nikachukua mita, nikapima waya mmoja mmoja. Sita wazima. Wa saba, waya wa ethi, kimya. Ukiutazama umeshika vizuri, unang'aa, risasi imejaa. Ukiupima, hakuna kitu. Dogo alikuwa ameuchomelea kwenye sehemu pana ya bodi, na sehemu pana inanyonya moto. Pasi yake ndogo haikutosha, risasi ikakaa juu tu kama samli kwenye wali uliopoa. Chini yake kulikuwa na kutu ya kijani, zawadi ya chumvi ya bahari.

Tukasugua na mswaki wa zamani na spiriti, tukaacha ikauke. Nikauchomelea kwenye mguu wa chuma wa tundu mojawapo, nikiushikilia kwa vidole hivi hivi. Malengelenge yangu hayo. Tukachomeka tena adapta, tukabonyeza: 0x00023010. Ndiyo namba ya bodi aina ya Jasper yenye flashi ya MB 16. Flashi iliyotangaziwa msiba ikaitika!

Dogo akaruka. Nikamwambia tulia. Soma mara mbili, kisha linganisha. Tukasoma mara mbili: hazifanani. Kasheshe ya tatu! Utambulisho ukiwa sahihi lakini nakala zinatofautiana, usikimbilie kuilaumu flashi. Flashi kuwa na vipande vibovu vichache ni kawaida, vingine vinatoka navyo kiwandani. Ila kipande kibovu kweli hubaki pale pale kila ukisoma. Ubovu ukihamahama, leo hapa kesho pale, hiyo ni njia mbovu. Nikatazama nyaya zake: ndefu kama kamba za kuanikia nguo, alizitoa kwenye redio mbovu, tena amezisokota pamoja. Tukazikata zikawa fupi kuliko kiganja changu, tukaziachanisha.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Na ya tatu, kwa uoga wangu. Zote sawasawa, hakuna baiti iliyotofautiana, kila moja ni baiti 17,301,504. Nakala moja tukaiweka kwenye kompyuta, nyingine kwenye kadi ya simu ya dada. Nikamwambia, "Dada, hiyo usiifute hata kwa picha za harusi." Ndipo nikamruhusu dogo aandike.

Saa mbili usiku mashine iliwaka. Vijana waliokuwa wanasubiri nje wakapiga makofi kama bao limeingia. Dada hakusema neno, alinipakulia pweza mara ya pili tu.

SOMO LA GESI

Usiku ule nililala nawaza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla haijaanza kuwasha taa za Mtwara mjini, na bomba la kwenda Dar es Salaam halikukamilika mpaka 2015. Miaka yote hiyo gesi ilikuwepo chini, nzima kabisa. Ilikosa njia ya kutokea. Ndivyo na flashi ya dogo. Mtu aliyekuwa na haraka aliitangazia msiba wakati shida ilikuwa waya mmoja wenye kutu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, likikukuta, anza na vya bei rahisi: waya wa USB, taa ya adapta, ethi, urefu wa nyaya, kutu. Pima kwa mita, macho yanadanganya. Soma mara mbili, linganisha, hifadhi, ndipo uandike. Na fundi akikwambia "nunua bodi mpya" kabla hajashika mita, mshukuru, beba mashine yako, nenda zako.

Mshikaji wangu wa 2012, kama unasoma hapa: safari hii nimesoma mara tatu. Tuonane wiki ijayo, panapo majaaliwa!