Kibofu kikipooza, tusimtupe mwenzetu

Kijana, kuna stori ambayo hatuipigi kijiweni: mkojo. Beshte wako akianguka na boda akavunjika uti wa mgongo, utauliza kama atatembea tena. Huenda yeye anawaza jambo lingine kabisa: hajui tena mkojo utatoka saa ngapi.

Ubongo na kibofu huwasiliana kupitia uti wa mgongo. Njia hiyo ikikatika, kibofu hukataa kutoa mkojo, au huutoa bila kupiga hodi. Mkojo ukikwama huleta maambukizi na unaweza kuharibu figo. Kwa hivyo hili si suala la aibu tu. Linaua.

Habari njema ni kwamba mara nyingi neva zilizo chini ya jeraha bado ziko hai, ila hazipati amri. Mwanasayansi Mwingereza, Giles Brindley, aliliona hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa walianza kuwekewa kifaa chake kinachopeleka umeme kidogo kwenye neva za sehemu ya chini ya mgongo. Mgonjwa huweka kidude cha kurusha mawimbi juu ya ngozi, anakiwasha, kibofu kinajikaza na mkojo unatoka. Saa anaichagua mwenyewe.

Tusidanganyane, si muujiza. Ni upasuaji mkubwa, ni ghali, na haumfai kila mtu. Kwa kawaida daktari hukata pia neva za hisia ili kibofu kisijikaze ovyo, na mwanamume anaweza kupoteza nguvu za kiume zilizobaki. Zikikatwa, zimekatwa. Mgonjwa lazima aelezwe haya kabla hajatia sahihi.

Lakini hata kabla ya mashine, kuna mpira wa kutoa mkojo, unaotumiwa kila baada ya saa chache kwa mikono safi. Huo ndio msimamo wetu: mipira hiyo ihesabiwe kuwa matibabu ya lazima, isiachiwe mfuko wa mgonjwa. Na vyoo vya vyuo, ofisi na stegi za matatu viwe na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu.

Wewe nawe una kazi. Beshte akikataa kuja kwa sherehe, usiseme amejitenga. Muulize kwanza kama huko mnakoenda kuna choo atakachoweza kutumia.