Wingu Lisilonyesha

Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuliona daftari la shangazi yangu, maana hilo lilioza mbele ya macho yangu.

Shangazi ana duka hapa Nanyuki. Wateja wake wengi ni vibarua wa mashamba ya maua. Huchukua unga na sukari kwa mkopo, kisha hulipa mwisho wa mwezi. Madeni yote yalikuwa katika daftari moja chini ya kaunta. Masika ya 2024, zile mvua zilizoleta mafuriko nchi nzima, maji yalipenya paa usiku. Asubuhi kurasa zilikuwa zimegandana na wino umetapakaa. Waungwana walikuja wakalipa. Wengine walisema, "Aki mama, mimi nilishalipa." Angewabishia kwa ushahidi gani? Muhula huo binamu yangu alikaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa karo.

Ndiyo maana nashika kalamu kusema hivi: biashara ndogo ndizo zinazohitaji zaidi hifadhi ya mtandaoni, ile watu huita "wingu". Mimi mwenyewe nilipolisikia neno hilo darasani mara ya kwanza niliangalia Mlima Kenya! Nilipomweleza shangazi alishangaa, "Haiya! Na si huko mawinguni ndiko mvua ilitoka?"

Wingu hili halinyeshi. Ni kompyuta kubwa zilizo mbali, ambazo hutunza nakala za kumbukumbu zako. Duka likiungua, simu ikiibwa au panya wakila daftari, unaazima simu nyingine, unaingia kwa neno lako la siri, na hesabu zako unazikuta. Tena si lazima uwe tajiri. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, ambayo hutosha picha za maelfu ya kurasa za daftari.

Wazee watauliza, "Nimpe siri zangu mtu nisiyemjua?" Swali ni zuri, lakini si tayari tumempa? M-Pesa ilianza 2007, na hadi 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa hapa sokoni alikuwa akiuza sukuma wiki na hesabu yake inatunzwa Ulaya! Simu ikipotea, anarudisha laini yake na salio analikuta lilivyokuwa. Ikiwa pesa zenyewe tunaziweka hivyo, mbona tuliache daftari la madeni chini ya paa linalovuja?

Sisemi wingu halina kasoro. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa katika Afrika Mashariki. Bando nazo hununuliwa. Kwa hivyo daftari lisitupwe. Wingu liwe nakala ya pili. Neno la siri nalo lisiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala lisibandikwe ukutani. Tukumbuke pia kwamba majina ya wadeni ni siri yao, na tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu.

Siku hizi shangazi bado anaandika kwa kalamu. Lakini jioni, kabla ya kufunga duka, binamu yangu hupiga picha ukurasa wa siku hiyo na kuutuma winguni. Kazi hiyo haifiki dakika mbili.

Wenzangu, likizo ikija tusikae tu tukitazama video. Kila mmoja wetu amsaidie mwenye duka mmoja, awe mzazi au jirani. Elimu tunayolipiwa kwa jasho la maduka hayo iyarudie na faida kidogo. Tusingoje mvua nyingine, kwani majuto ni mjukuu.