Ukakasi wa Chai na Tafsiri ya "Viondoa Sumu"

Nkubu, katika Imenti Kusini, kaunti ya Meru, imezungukwa na migomba na mibuni. Na kadiri mtu apandavyo kuelekea Mlima Kenya, michai. Mtoto wa huko aumaye ndizi mbichi hukunja uso kwa ukakasi. Mnywaji wa chai isiyotiwa maziwa huuonja ukakasi uo huo. Wapwani huiita chai hiyo mkandaa, kwa jina la mkoko ambao magome yake yalitumiwa kutengenezea ngozi. Jina hilo halikukosea: tanini za magome na polifenoli za chai ni za ukoo mmoja.

Ukakasi si ladha, ni mguso. Polifenoli hushikamana na protini za mate, utelezi ukapungua, ulimi ukahisi kukwaruzwa. Vimeng'enya navyo ni protini, hivyo huweza kushikwa vivyo hivyo: amilesi ivunjayo wanga, tripsini ivunjayo protini, lipesi ivunjayo mafuta. Kimeng'enya kilichoshikwa huzembea. Kwa mgonjwa wa kisukari uzembe huo waweza kuwa heri, maana wanga huvunjwa polepole. Kwa mtoto anayelelewa kwa uji wa mtama wenye tanini nyingi, ni hasara ya protini.

Aidha, fungo hilo hufunga pande zote mbili. Polifenoli iliyoshikana na protini, hata kaseini ya maziwa, mara nyingi hupungukiwa na uwezo wa kuzuia uoksidishaji. Protini hiyo ikivunjwa utumboni, sehemu ya uwezo huweza kurudi. Kipimo cha kikombe, basi, si kipimo cha tumbo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lake la uwezo huo katika vyakula, kwa kuwa takwimu za maabara hazikuonyesha athari mwilini.

Hapa ndipo wanaisimu wanapostahili lawama. Matangazo hutafsiri antioksidanti kuwa "viondoa sumu", na tafsiri hiyo imeachwa ienee bila kupingwa. Hakuna sumu inayoondolewa. Kinachofanyika ni kuzuia uoksidishaji. Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa nchini Kenya mwaka 2011, husifiwa kwa anthosianini zake. Ikiuzwa kwa jina la kiondoa sumu, mnywaji hununua dawa isiyokuwepo, na mkulima hupanda kwa kutumainia bei ya dawa hiyo. "Kizuia uoksidishaji" ni istilahi ndefu na nzito, lakini haidanganyi.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, mwanafunzi wa Nkubu angali anasomea usagaji wa chakula kwa Kiingereza. Polifenoli huyashika pia madini ya chuma, ndiyo maana wajawazito hushauriwa wasimeze vidonge vya madini hayo kwa chai. Mwanafunzi huyo anaijua sababu barabara, ila akirudi nyumbani hana maneno ya kumweleza dada yake mjamzito, ambaye neno ukakasi analijua tangu utotoni.