Mama Hushona Makuti, Mnazi ni wa Nani?

Kila inenwapo biashara ya akina mama wa mashambani, husikia wakihimizwa waunde vyama na wachukue mikopo. Serikali yenyewe ilianzisha mfuko wa kuwakopesha mwaka 2007. Shauri ni jema. Lakini mimi nauliza jambo linalotangulia mkopo: mama huyo anamiliki nini?

Tutazame Kilifi na Kwale. Makuti ya viungo yaezekwayo nyumba na mahoteli yetu hushonwa sana na wanawake. Mwingine hufukia makumbi matopeni miezi kadhaa, kisha akayaponda apate usumba wa kamba. Hii ni biashara kamili, na mtaji wake ni mnazi. Asiye na mnazi hununua makuti kwa bei ya mwenye shamba, akishona huuza kwa bei ya mchuuzi. Faida aionayo ni mikono kuchubuka.

Wako wasemao kwamba dini ndiyo imemfunga. Sikubali. Sura ya Nisaa yampa mwanamke fungu lake la mirathi, mali iwe chache au nyingi, na mahari ni yake. Bibi Khadija, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa tajiri wa biashara Makka, na Mtume (S.A.W.) alimpelekea bidhaa zake Sham.

Kilichomfunga ni desturi yetu. Baba akifa, kaka hushika shamba, na dada huambiwa, "Wewe una kwa mumeo." Akidai, huonekana hana adabu.

Huja tena udhuru kuwa shamba likigawanywa litaharibika. Lakini Pwani tangu zamani mtu huweza kumiliki mnazi hata kama ardhi si yake. Basi na ihesabiwe miti. Baada ya kulipa madeni na kutoa mafungu ya wengine, ikibaki minazi 50 kwa wana wawili na binti mmoja, kila mwana ana 20 na binti ana 10. Kwa minazi 10 mama aanza kushona makuti yake mwenyewe.

Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa wanawake katika desturi za ardhi, na mahakama ya kadhi ipo kwa mirathi ya Waislamu. Lakini ni aibu dada kumshtaki kaka kwa haki aliyopewa na Mungu. Maimamu wetu na waseme haya mimbarini, nasi makaka tuhesabu minazi kabla hatujaitwa kwa kadhi.