Bi harusi unayekwenda Lamadi, taja baiskeli kwenye mahari yako

Msimu wa harusi umefika na maswali ninayopata ni yale yale: udi gani, mashuka seti ngapi, kanga doti ngapi. Leo nataka tuzungumze kitu kisichoingia sandukuni. Ikiwa unaolewa bara, na mchumba ameuliza unataka nini, taja baiskeli. Tena taja ya aina maalumu: yenye gia ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na mnyororo uliofunikwa wote.

Mwana wa ami yangu ameolewa Lamadi, ndiyo maana naisemea Lamadi. Kwa asiyeijua, ni mji wa wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, karibu na Ziwa Victoria, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma. Usukumani baiskeli ndiyo mguu wa pili wa mtu. Inabeba maji, pamba, dagaa, watoto. Bi harusi wa kisiwani anafika pale, kila mtu anazunguka, yeye anasubiri bodaboda. Kwenda sokoni nauli, kwenda kliniki nauli, kwenda darsa nauli, na kila nauli anaiomba. Mume wake ni mtu mzuri, mashallah, lakini kuomba kila siku kunachosha hata kwa mtu mzuri.

Sasa kwa nini nang'ang'ania gia za ndani? Kwa sababu ya baibui. Zile baiskeli zenye gia za nje, mnyororo unaruka kutoka kijino kimoja hadi kingine, unakwenda kulia na kushoto, kwa hiyo huwezi kuufunika wote. Vaa baibui refu upande, uone pindo litakavyorudi na grisi, au litakavyonaswa uanguke katikati ya barabara yenye mabasi. Gia zikiwa ndani ya habu, mnyororo unakwenda mstari mmoja tu, na bamba linaufunika mwanzo hadi mwisho. Vumbi la kule haliufikii kirahisi, na nguo yako inabaki safi. Ongeza kinga ya pembeni ya gurudumu la nyuma, wavu au kitambaa kigumu, maana spoki nazo hula mapindo.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kutengeneza habu za gia tatu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wajapani wanazitumia sana kwenye baiskeli zao za mjini, zile za fremu ya chini zenye kikapu mbele, na nyingi huletwa kwetu zikiwa zimetumika. Fremu ya chini ni rehema kwa mwenye baibui: huna haja ya kurusha mguu.

Ndani ya habu kuna kijino cha katikati kilichoshikamana na ekseli, na vijino vidogo vinavyokizunguka. Waya kutoka kwenye usukani ndio unaochagua nani amsukume nani. Gia ya pili ni ya moja kwa moja, kama baiskeli ya kawaida. Kwenye habu ya Shimano ya gia tatu, ya kwanza inapunguza mwendo kwa takriban asilimia 27, ya tatu inaongeza kama asilimia 36. Kubwa kuliko yote kwangu: unaweza kubadili gia umesimama. Umebeba ndoo na mtoto, umesimama kupisha lori, unarudisha ya kwanza na kuondoka polepole. Gia za nje hazikupi hilo.

Kama umepata habu peke yake na unataka kuiundia gurudumu kwenye Phoenix ya nyumbani, pima kabla ya kulipa. Nyingi za habu hizi zina matundu 36. Rimu yenye matundu 40 haitaikubali. Pima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu, kwani habu za gia tatu mara nyingi zinataka kama milimita 120. Spoki za zamani hazitafaa, maana habu hii ni nene na inataka spoki fupi zaidi. Ukiona itakuwa nzito kupandisha na mzigo, mwambie fundi abadilishe kijino cha nyuma kiwe kikubwa zaidi. Kwa kweli, ukipata nzima iliyokamilika, nunua nzima.

Matunzo ujifunze mwenyewe, usimwachie fundi kila kitu. Fundi wa kijiweni anaijua Phoenix kama jina lake, lakini habu hii anaweza kuifungua kwa hamu tu ya kuona, akashindwa kuirudisha. Mara nyingi tatizo si ndani, ni waya uliolegea. Ukisikia pedali inakwenda bure ghafla, acha kukanyaga kwa nguvu. Weka gia ya pili, kisha tazama alama kwenye ekseli au kwenye kile kidude cha pembeni. Kama hailingani, zungusha kikazio cha waya mpaka ilingane. Kuna washa mbili zenye jino, kushoto na kulia, zinazozuia ekseli isizunguke. Pancha ikizibwa, hakikisha zimerudi zote mbili, kila moja upande wake. Usiikoshe ziwani kwa kuizamisha, maji yakiingia habu ni kutu.

Sitaificha hasara yake. Ni nzito, kuziba pancha ya nyuma kunachukua muda, na vipuri vya ndani si vya kutafuta pale sokoni. Huenda ikabidi Mwanza. Kwa hiyo chukua gia tatu, achana na saba na nane za kuringia.

Wapo watakaosema mwanamke juu ya baiskeli ni aibu. Waulize wanafunzi wa Paje na Jambiani wanaokwenda skuli na mitandio yao. Sitara iko kwenye vazi na mwenendo, na baiskeli niliyoieleza hapa inalilinda vazi kuliko kiti cha nyuma cha bodaboda, umembana mwanamume usiyemjua.

Na kwa nini iwe mahari, isiwe zawadi? Kwa sababu mahari ni mali yako, Suratun-Nisaa aya ya 4 imelimaliza hilo. Zawadi ya nyumba itaazimwa na shemeji kubeba magunia ya pamba, ukiiuliza unaambiwa ipo Nyashimo. Ikitajwa mbele ya walii na mashahidi, shemeji atakuja kukuomba wewe. Mwambie habu haipendi magunia.