Kushukuru Ni Kuona



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 17, wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru. Mwinjili anatuambia kwamba huyo mmoja aliona kuwa amepona. Wale tisa nao walipona sawasawa naye, lakini hatusikii kwamba waliona. Shukrani huanzia machoni. Asiyeona alichopewa hawezi kushukuru, na asiyeshukuru hakitunzi.

Shida za taifa letu tunazijua. Bei ya vyakula inapanda, vijana wanatafuta kazi bila kupata, dawa za kulevya zimeingia hata katika familia za watu wa sala. Hatumwambii mtu ajifanye hazioni. Mkristo anayeshukuru hafumbi macho: anaiona shida, na anaiona neema iliyo ndani yake.

Tutazame malaria hapa Unguja. Sisi tulioanza uuguzi miaka ya 1990 tunazikumbuka wodi za watoto wakati wa masika: watoto wawili kitanda kimoja, huyu ana degedege, yule ameishiwa damu. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, ikatolewa bure. Vikafuata vyandarua vyenye dawa, na mwaka 2006 upulizaji wa dawa majumbani. Haikupita miaka mingi, waliokutwa na vimelea wakawa chini ya mtu 1 kwa kila 100 waliopimwa.

Leo wapo akina mama wanaolea watoto watatu, wanne, bila kumwona hata mmoja akitetemeka kwa malaria. Ni neema kubwa, lakini kwa kuwa ni ya ugonjwa usiokuja, hatuioni. Basi chandarua kinafunikia mboga, mpulizaji dawa anafungiwa mlango, na mwenye homa anameza vidonge vya dukani bila kupimwa.

Jambo hili si geni. Kampeni ya miaka ya 1950 na 1960 ilishusha sana malaria visiwani. Mwaka 1968 ikasimamishwa, na ugonjwa ukarudi. Safari hii pia, baada ya mvua nyingi za mwishoni mwa mwaka 2023, wagonjwa waliongezeka. Mbu hawajahama, na kila siku boti za Dar es Salaam zinashusha abiria, wengine wakiwa na vimelea mwilini. Tena waliokua bila malaria hawana kinga ya kutosha. Ikirudi kwa nguvu haitachagua mkubwa wala mdogo.

Kwa maoni yetu, shukrani haiishii kwenye bahasha ya sadaka. Familia inayoshukuru hufanya haya:

1. Hulala ndani ya chandarua kila usiku, kiangazi na masika, kwanza mama mjamzito na watoto.
2. Mwenye homa humpeleka kupimwa siku hiyo hiyo, na hueleza kama amesafiri.
3. Dawa humaliza zote alizoandikiwa, hata akijisikia nafuu.
4. Humfungulia mlango mpulizaji dawa, na hufukia madimbwi karibu na nyumba.

Wala kushukuru hakutuzuii kudai. Anayejua thamani ya kipimo ndiye mwenye haki ya kuuliza kwa adabu kwa nini kituo chake cha afya hakina. Kunung'unika ni kitu kingine: mnung'unikaji huona kilichopungua tu, kisha hukaa.

Jambo la mwisho. Yule aliyerudi kwa Yesu alikuwa Msamaria, mtu wa kando. Hapa kwetu jirani zetu wengi ni Waislamu, na mikono iliyotukinga watoto wetu ni ya dini zote. Tuione mikono hiyo, tuiambie asante, na sisi tuwe mikono kama hiyo kwa wengine.

Mungu atufumbue macho, awalinde watoto wenu. Amina.